Tume Iko Lindi, Mgambo Yuko Mlangoni

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi ya kanda mjini Lindi. Ni jambo la kushukuru, maana mikoa mingi ya Bara haina hata hiyo. Lakini mtu wa Mtwara mjini akitaka kuifikia ana zaidi ya kilomita mia moja za barabara, na wa Liwale ana zaidi ya mia mbili, tope la masika likiwa juu yake. Mama lishe ambaye sufuria zake zimebebwa na mgambo saa tatu asubuhi anazihitaji kabla ya saa sita mchana. Wateja wa wali hawasubiri barua ya Tume. Na hapo ndipo ilipo hoja yangu: haki nyingi zinazovunjwa huku kusini ni ndogo kwa unene wa faili, ni za haraka kwa mwenye nazo, na aliyezivunja anafahamika kwa jina na kwa nyumba anayokaa. Chombo cha kuzishughulikia kinatakiwa kiwe mjini hapahapa, tena kiwe na ruhusa ya kuihoji halmashauri yenyewe.

Tume hatuidharau. Nasaba yake ni ndefu. Mwaka 1966, nchi ikiwa imeshaingia kwenye chama kimoja na imekataa kuweka orodha ya haki ndani ya Katiba, iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, ili mwananchi apate pa kumshitaki mtendaji anayetumia cheo vibaya. Haki zenyewe ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984. Mabadiliko ya mwaka 2000 yakaleta Ibara ya 129, ikafuata Sheria Namba 7 ya mwaka 2001, na Jaji Robert Kisanga akawa mwenyekiti wa kwanza wa Tume hii tuliyonayo. Kwa sheria hiyo inaweza kupokea malalamiko ya mdomo au ya maandishi, kuanzisha uchunguzi yenyewe bila kusubiri mlalamikaji, kuita mashahidi, kukagua magereza na mahabusu, na kusuluhisha.

Ikishamaliza uchunguzi inatoa mapendekezo, basi. Aliyepelekewa ana muda usiozidi miezi mitatu wa kueleza amechukua hatua gani. Akikaa kimya, Tume inaweza kwenda mahakamani. Watu wa Nyamuma, kule Serengeti, waliofukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 2001, wanaijua njia hii kila kona. Tume ilichunguza, ikasema wameonewa na walipwe fidia. Serikali ikakataa. Swali la kama mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama likapanda hadi Mahakama ya Rufani, nayo ikasema yanaweza. Mawakili walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Aliyechomewa nyumba alikuwa ameshahesabu miaka.

Sheria hiyohiyo inampa Rais uwezo wa kuiagiza Tume isichunguze, au iache kuchunguza, jambo ambalo ataona linahatarisha ulinzi au usalama wa taifa. Kwa mtu wa Dodoma kifungu hicho kinaweza kuonekana cha pembeni. Kwa mtu wa Mtwara si cha pembeni hata kidogo: mambo mawili yaliyotuumiza zaidi miaka ya karibuni ni gesi na mpaka wa Ruvuma, na yote mawili yanaweza kufunikwa kwa neno usalama.

Nirudi kwenye mambo madogo, kwa sababu ndiko makubwa yanakoanzia.

Aprili 2013 Liwale iliwaka moto. Nyumba za viongozi zilichomwa. Chanzo chake hakikuwa siasa za kimataifa. Wakulima waliambiwa malipo ya pili ya korosho yatakuwa pungufu ya walichotarajia. Chini ya stakabadhi ghalani mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, analipwa sehemu, salio linafuata baada ya mnada na baada ya makato. Makato ndiyo kitendawili cha kila msimu: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafiri, magunia, chama kikuu, na hiki na kile. Mkulima ana karatasi yake mkononi. Swali lake ni la hesabu: fedha yangu imekatwa wapi, na kwa idhini ya nani? Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufungua daftari la chama mbele ya wanachama angeweza kulijibu ndani ya wiki. Hakukuwa na mtu huyo. Kulikuwa na katibu wa chama anayemtuma mkulima kwa afisa ushirika, afisa ushirika anayesema suala liko chama kikuu, na chama kikuu kinachosema mnunuzi hajaingiza fedha benki. Sisemi kuchoma nyumba ni sawa. Nasema hasira ile ilipita kwenye meza nyingi kabla ya kufika kwenye kiberiti.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Mtwara. Tangu Desemba 2012 watu walikuwa wameandamana wakitaka maelezo kuhusu gesi ya Mnazi Bay na bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Januari 2013 vurugu zikatokea Mtwara na Masasi, maisha yakapotea. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja, akakaa, akasikiliza makundi mbalimbali, mji ukatulia. Kisha akaondoka, kama ilivyo kawaida ya mgeni. Tarehe 22 Mei, hotuba ya bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni na kuonyesha kwamba bomba liko palepale, mji ukalipuka tena na jeshi likaingia mitaani. Watu walikamatwa, wako waliosimulia kupigwa, na wengine walihama nyumba zao kwa siku kadhaa kukimbilia vijijini. Ule usikilizaji wa Januari ulikuwa wa kweli, mimi siubezi. Ila haukuacha nyuma yake ofisi, daftari wala mtu wa kuulizwa mwezi wa tatu: yale tuliyosema yamefikia wapi?

Miji mingine yenye majeraha ya namna hii ilifanya jambo tofauti kidogo. Agosti 1943 mtaa wa Harlem, New York, ulifanya ghasia baada ya polisi mweupe kumpiga risasi mwanajeshi mweusi. Mwaka uliofuata Meya Fiorello La Guardia aliunda kamati ya kushughulikia uhusiano wa raia wa jiji, na kamati hiyo ndiyo iliyokua hatua kwa hatua ikawa Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji la New York. Leo inaweza kumtoza mwenye nyumba au mwajiri aliyebagua kwa makusudi faini ya hadi dola 250,000. Gwangju, Korea Kusini, ambako jeshi liliua raia Mei 1980, ilitunga sheria ndogo ya haki za binadamu mwaka 2009, ikiwa ya kwanza nchini humo, na baadaye ikaweka mchunguzi wa malalamiko wa jiji. Silinganishi ukubwa wa misiba; wa Gwangju ulikuwa mkubwa mno kuliko wetu. Ninacholinganisha ni kilichofuata. Kule, ghasia ziliacha chombo cha mji. Kwetu ziliacha kituo cha kuchakata gesi Madimba na kumbukumbu ambazo watu huzisimulia kwa sauti ya chini.

Hata hivyo tusivutiwe na majina. Marekani imejaa miji ambayo tume yake ya haki za binadamu ni wajumbe wachache wa kujitolea walioteuliwa na meya, wanaoandaa mhadhara mara moja kwa mwaka, wanatoa tuzo kwa mwanafunzi aliyeandika insha nzuri, na mtu akifika na shauri la kufukuzwa kwenye nyumba wanamwelekeza kwingine. Huo ndio ugonjwa ambao sisi tungeupata haraka kuliko wao. Ukitamka haki za binadamu kwenye ukumbi wowote wa Mtwara au Lindi, kinachofuata ni semina elekezi, fulana nyeupe yenye nembo, chai na sambusa, na karatasi ya kusaini posho. Washiriki wanatoka wakizijua ibara za Katiba kwa namba. Nje, mgambo anaendelea na kazi yake.

Na huyo mgambo si wa kuonea bure. Anatekeleza sheria ndogo ya halmashauri aliyotumwa kuitekeleza. Matatizo ni yanayoambatana na utekelezaji: bidhaa kuchukuliwa bila hati ya kuonyesha kilichochukuliwa, faini kutajwa kwa mdomo, vyakula kuharibika stoo, mizani ya muuza samaki wa feri kurudi ikiwa imevunjika au isirudi kabisa. Ibara ya 24 inalinda mali ya kila mtu, na haisemi lazima mali hiyo ifikie thamani fulani. Ibara ya 13 inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Sasa huyu muuza samaki akalalamike wapi? Kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye aliyemtuma mgambo. Kwa mkurugenzi, ambaye ndiye mwajiri wa mtendaji. Kwa diwani, ambaye ndiye aliyepitisha sheria ndogo. Au kwenye sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake unakaa kwa mtu yuleyule anayelalamikiwa.

Kwa mkuu wa wilaya ni palepale. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa yeye na mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, kwa masharti: pawe na hatari kwa amani, sababu zitolewe kwa maandishi, na mtu afikishwe mahakamani. Masharti hayo wachache wanayakumbuka. Zinazokumbukwa ni saa 48, na nchi nzima imeshaona walimu, madaktari na madiwani wakiwekwa ndani kwa sababu ya kuchelewa kikao au kujibu vibaya.

Mwaka 2018 tuliona jinsi mzigo wa kuthibitisha unavyoweza kugeuzwa kwa siku moja. Wanunuzi walipotoa bei ya chini, Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Wakulima walishangilia, na mimi ningekuwa na shamba ningeshangilia. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 akatakiwa aonyeshe shamba lake, na aliyeshindwa kuieleza kamati akaridhisha alihesabiwa kuwa kangomba, mnunuzi wa magendo wa kupima kwa bakuli. Walikuwepo makangomba wa kweli, nani asiyewajua? Lakini walikuwepo pia wajane wanaouza korosho za mashamba ya mirathi yasiyo na karatasi, na vijana waliopewa na babu zao miti michache kwenye vijiji vitatu. Malipo yalichelewa kwa wengi hadi mwaka mwingine. Kamati ya uhakiki ilikuwa inajibu kwa waliokuwa juu yake. Mkulima aliyekataliwa hakuwa na pa kukata rufaa ndani ya wilaya yake.

Lipo pia shauri ambalo watu wa Mtwara hawajalisahau. Januari 2022 kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi. Kwa maelezo yaliyotolewa, alikuwa akifuatilia fedha zake ambazo zilidaiwa kuchukuliwa na polisi walipompekua miezi michache nyuma. Rais Samia Suluhu Hassan alihoji hadharani inakuwaje polisi wajichunguze wenyewe, kamati ikaundwa, kesi ikasikilizwa, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu maafisa wawili kunyongwa na kuwaachia wenzao. Vyombo vya habari viliiandika hukumu ile kwa upana. Mimi ninaangalia miezi ile kabla ya Januari. Mtu ana dai la fedha, na watu pekee wa kuwapelekea dai ni walewale anaowadai. Laiti angekuwa na meza nyingine ya kupeleka karatasi yake, meza ambayo ingemwandikia mkuu wa kituo na kusubiri jibu kwa tarehe maalumu, pengine fedha zisingerudi, lakini lingekuwepo jicho la tatu juu ya shauri lile.

Ninachopendekeza si tume mpya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kuunda kamati, na ninataka Manispaa ya Mtwara Mikindani, sawa na ya Lindi, iunde kamati ya malalamiko ya wakazi ambayo wengi wa wajumbe wake si madiwani wala watumishi. Awemo hakimu mstaafu, shehe na padri, msaidizi wa kisheria, mtu mwenye ulemavu, mwakilishi wa wavuvi na wa akina mama wa soko. Isihukumu. Ipokee lalamiko dhidi ya mtumishi yeyote wa halmashauri, mgambo au mtendaji, imwandikie ofisi husika, itake jibu ndani ya siku 14, na kila robo mwaka taarifa yake isomwe mbele ya baraza la madiwani kwa jina la ofisi: kata fulani iliandikiwa mara tano, imejibu mara moja. Kinachomsumbua mtendaji wa mji mdogo si faini. Ni kusomwa.

Nimeshasikia pingamizi, na la kwanza lina uzito: kamati ya halmashauri itaihukumuje halmashauri? Kilwa inatosha kutia shaka. Kampuni ya Kiholanzi ilipochukua maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji kwa ajili ya mibono ya mafuta, fidia iligawanywa: halmashauri ya wilaya asilimia 60, vijiji vyenye ardhi asilimia 40. Kampuni ikaanguka, vijiji vikabaki bila msitu na bila ardhi. Halmashauri iliyokuwa na sehemu kubwa kwenye mkataba ule isingeweza kuwa msuluhishi wa mkataba ule. Kwa hiyo nakubali kwamba kamati ya mji ina mpaka. Lakini mpaka huo ndio unaopaswa kuiunganisha na ofisi ya Lindi: shauri lenye maslahi ya halmashauri, la polisi, la ardhi kubwa, liende Tume likiwa tayari na faili, tarehe, majina ya mashahidi na barua zisizojibiwa. Tume ikipokea faili la namna hiyo inaanzia katikati ya kazi. Leo inaanzia kwa mtu aliyechoka, mwenye hadithi ndefu na risiti moja.

Pingamizi la pili ni la kamati kuwa nyingi. Ni kweli, zipo za ulinzi wa mtoto, za ukatili wa kijinsia, za wazee, na kila moja ina mwenyekiti na muhuri. Lakini karibu zote zinaangalia makosa ya raia kwa raia: baba na mtoto, mume na mke. Mabaraza ya kata, ambayo walau yalikuwa yanaamua migogoro ya ardhi, tangu mwaka 2021 yamebakiwa na kazi ya kupatanisha tu. Kamati inayomwangalia mwenye cheo ndiyo iliyokosekana.

La tatu halisemwi kwenye vikao, linasemwa barazani: kwamba haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, yanakuja kutuvurugia jando na unyago. Mimi nadhani hofu hii imelelewa na namna tunavyofanya kazi hii. Mtu wa mradi anatoka Dar es Salaam, anaitisha manyakanga (wakuu wa unyago) na mangariba wa jando ukumbini, anawaeleza kwamba wanaharibu elimu ya watoto, anapiga picha, anaondoka. Ukweli ni kwamba lipo tatizo la mabinti wanaotolewa unyago wakiwa wadogo mno na kuonekana wameshakuwa wake, na lipo suala la tarehe za sherehe kugongana na shule. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, lakini ruhusa ya wizara haimfikii binti wa Tandahimba ambaye mama yake ameshaambiwa na ukoo kwamba shule imekwisha. Nyakanga mwenye heshima zake akiwa mjumbe wa kamati, si mtuhumiwa wa semina, anaweza kumwambia mama huyo maneno ambayo afisa ustawi wa jamii hana ubavu wa kuyasema.

Mpaka wa Ruvuma siugusi sana. Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, kilishambuliwa na wapiganaji Oktoba 2020, Palma, mji wa ng'ambo huko Msumbiji, ikaanguka mikononi mwao Machi 2021, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likalalamika kwamba Wamsumbiji waliovuka kukimbia vita walikuwa wakirudishwa. Kamati ya manispaa haiwezi jambo hilo na isijaribu. Hiyo ni kazi ya Tume yenyewe, kwa nguvu zake zote za kisheria, na Tume itaipata nafasi ya kuifanya siku itakapoacha kuwa kimbilio la pekee la kila mwenye sufuria.

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Hata kabla ya kamati kuundwa, diwani mmoja anaweza kuomba ajenda moja: orodha ya mali zote zilizochukuliwa na mgambo kwa miezi mitatu iliyopita, zimechukuliwa kwa nani, kwa sheria ndogo ipi, zipi zimerudishwa, zipi zimepigwa mnada, na fedha ya mnada imeingia akaunti gani. Najua mkurugenzi atajibu kwamba hakuna kifungu cha bajeti cha kazi hiyo. Aulizwe stoo ina daftari au haina.